Idi Iliyoangukia Ijumaa ya Kwaresima

Wanangu mnaoanza kushika miiko, mpishi wa nyumbani huuliza watu wanapenda nini. Mpishi wa shule ya bweni akiuliza hivyo, atapewa majibu mpaka jua lizame na sufuria bado kavu. Yeye anatakiwa kujua nani hali nini, na siku gani. Nimepika shule moja ya sekondari huku Matiri tangu nikiwa binti mpaka nikastaafu nikiwa mpishi mkuu. Nawaambieni, chumvi ikizidi watu husamehe. Wali ukiungua husamehe pia, baada ya kunung'unika. Lakini mlishe mtu kitu ambacho dini yake imemkataza, uone kama atasahau.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Issa, Myao wa Tunduru, aliyekuwa mpishi mkuu nilipoajiriwa. Mimi ni Mmatengo, binti wa mkulima wa kahawa, nimebatizwa nikiwa mchanga na kukulia kwaya ya parokia. Nilikuwa sijawahi kukaa karibu na Mwislamu hata siku moja, na ujinga wangu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nilidhani wana ugali wao. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, Mzee Issa alichota mchuzi wa maharage akaninyooshea kijiko.

"Onja."

"Wewe je, Mzee?"

"Mimi nimefunga. Mwezi huu ulimi wangu ni wewe, Winfrida."

Nikaonja, nikasema tamu. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. "Tamu siyo jibu. Chumvi imefika, au haijafika? Kitunguu kimeiva, au bado kinalia?"

Wiki ya kwanza nilisema "haijafika" mara nyingi mno, na wanafunzi walikunywa maji ya bomba mpaka likakauka. Baadaye nikajua kuonja kwa maneno, nikamweleza mtu mchuzi naye akauona kichwani mwake. Kwaresima ilipofika, zamu ikageuka. Ijumaa sisi Wakatoliki hatuli nyama, na kama ugeni wa wilayani umekuja Ijumaa na ng'ombe yuko sufuriani, Mzee Issa ndiye aliyeonja, mimi nikakoroga. Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, yeye akiniazima ulimi na mimi nikimwazima, na hakuna aliyewahi kumwonjea mwenzake vibaya kwa makusudi.

Nyama ya shule alichinja yeye. Nilipomwuliza kwa nini kila mara yeye, alijibu huku akinoa kisu, bila kuinua kichwa. "Nikichinja mimi, utakula wewe na nitakula mimi. Ukichinja wewe, mimi nitakula maharage. Sasa wewe mpishi, chagua sufuria moja au mbili." Hesabu hiyo ilinitosha. Kuni za huku zina moshi, na sufuria moja ya watu wote ni kazi ya kutosha.

Nguruwe hakukanyaga jikoni kwetu. Walimu waliotaka kitimoto walikaanga majumbani mwao kwa vyombo vyao. Krismasi moja, mwalimu mgeni, hajui hili wala lile, alikuja kuazima sufuria letu kubwa akaangie nguruwe wake. Nikajua leo kuna vita. Mzee Issa akalifuta vizuri kwa kitambaa, akalikabidhi kwa mikono miwili. "Chukua, mwalimu. Ni zawadi ya sikukuu, usihangaike kulirudisha." Mwalimu akaondoka akimsifu kwa ukarimu, na sisi tuliobaki tulicheka mpaka tukakaa chini.

Krismasi hiyo hiyo, kama nyingine zote, ni yeye aliyebaki na jiko ili sisi twende Misa. Tulirudi tumevaa vizuri tukakuta chai imechemka na nyama imelainika. Sasa mniulize, siku yake ya Idi sisi tulimfanyia nini? Miaka ya mwanzo, hakuna. Alipanda gari kwenda kuswali Mbinga mjini, akarudi mchana na mfuko wa kaimati, na sisi tukasema tu, "Leo Mzee Issa hakuwepo." Haikuwa chuki. Idi huku milimani ilikuwa sikukuu ya watumishi waliohamishwa kutoka mbali, na sisi wenyeji tuliiona kama siku ya kupumzika palizi. Wanafunzi Waislamu walikuwa wachache. Waliruhusiwa kwenda kuswali, wakirudi wanakuta maharage yale yale. Naona aibu kidogo kulisema, lakini ndivyo tulivyokuwa.

Mambo yakabadilika polepole. Walikuja walimu na manesi kutoka Lindi, Tanga na Kigoma. Machimbo ya Ngaka yalipoanza kutoa makaa ya mawe, yakaleta watu wa kila kabila, na watoto wao wakaja shuleni. Mwaka mmoja nikawaona mabinti wa bwenini wanapakana hina mkesha wa Idi, na wengi wao wana rozari shingoni. Sista mmoja aliyekuwa anafundisha pale aliwagombeza, kisha akashika mkono wa mmoja wao akauliza rangi ile hudumu muda gani. Siku hiyo nilijua upepo umegeuka, na kwa mara ya kwanza nikaomba ruhusa nipike wali siku ya Idi.

Lakini upepo ukigeuka huinua na vumbi. Wakaja wahubiri wa vipaza sauti sokoni, wa huku na wa kule, kisha yakaja mahubiri ya kwenye simu, mnayoyajua ninyi kuliko mimi. Watu waliokula pamoja tangu utoto wakaanza kuulizana kama kumtakia jirani heri ya sikukuu ni dhambi. Hapo ndipo Mzee Ndunguru alipoanza lake.

Mzee Ndunguru alikuwa mkulima hodari wa kahawa, mzee wa kanisa, na mjumbe wa bodi ya shule. Wajukuu zake walisoma pale. Alisimama kwenye mkutano wa wazazi akasema, "Kwani sisi Wakristo hatuna mikono? Nyama ichinjwe na Mwislamu kila siku kwa sababu gani? Wajukuu wangu wajengewe jiko lao." Yeye mwenyewe alikwishaacha kula nyama yoyote aliyochinja Mzee Issa, hata ya harusi. Mzee Issa wakati huo alikuwa ameshastaafu, lakini aliendelea kutuchinjia. Aliposikia, alikifunga kisu chake kwa kitambaa akaenda nyumbani mapema. Roho iliniuma.

Mwaka wangu wa mwisho kazini tukapata mkuu wa shule mpya, Mwalimu Mwanaidi, mama wa Kilwa, mwembamba, mwenye sauti ndogo inayosikika mbali. Akaniita ofisini.

"Mama Winfrida, hoja ya jiko la pili inaletwa kwenye bodi baada ya Idi. Mimi ni Mwislamu. Nikiipinga watasema napendelea dini yangu, na nikiikubali nimeigawa shule. Wewe unaonaje?"

"Mwalimu, mimi sijui kuongea kwenye bodi. Najua kupika."

Akacheka. "Basi tupike. Nataka Idi hii nialike shule nzima na majirani wote, na Mzee Ndunguru awe wa kwanza. Wale pamoja, waone wenyewe."

Nikahesabu kwa vidole, nikaangalia kalenda ya parokia ukutani kwangu, nikarudi ofisini mbio. Mwezi ukiandama Alhamisi, Idi itakuwa Ijumaa, tena Ijumaa ya Kwaresima. Ng'ombe ambaye Mwalimu amemnunulia sikukuu amefungwa nyuma ya bweni, na Wakatoliki karibu wote wa Matiri watakaa mezani mikono mapajani wakitazama pilau ya nyama. Mwezi usipoandama, Idi itakuwa Jumamosi, na hapo hakuna neno. Mwalimu akashika kichwa. Yeye aliwaza mwezi wake, hakuiwaza Ijumaa yetu.

Hapa vijana ndipo upishi unapotaka akili. Nikapanga sikukuu mbili. Ya Jumamosi ni ng'ombe. Ya Ijumaa ni pilau kavu, viungo na maji matupu, na juu yake samaki aina ya mbasa wa kukaanga. Nikampigia simu Mama Esta wa Ngumbo, kule ziwani, mchuuzi wa samaki ninayemwamini kuliko mzani.

"Uniwekee mbasa," nikamwambia, "lakini usiwatume mpaka nikupigie Alhamisi jioni. Inategemea mwezi."

"Yesu wangu! Sasa na samaki nao wanangoja mwezi?"

"Wanangoja, mama. Usipoandama, wauze."

Kwa ajili ya Jumamosi, msaidizi wangu Otmari alichemsha mifupa ya ng'ombe kutoka bucha tangu Alhamisi mchana, akapata sufuria kubwa la supu nzito, akaliweka pembeni. Otmari ni Mmatengo mwenzangu, baba wa watoto wakubwa, mtu asiyechoka. Pilau alifundishwa na Mzee Issa kama mimi, na Mzee Issa alimfundisha kwamba pilau isiyoonja mfupa ni wali uliojipaka rangi. Mkumbuke hilo.

Jioni redio ikatangaza: mwezi umeandama. Bwenini vigelegele, na hina ikaanza. Nikampigia Mama Esta. Alfajiri lori la makaa ya mawe lililokuwa linarudi Ngaka kutoka ziwani likasimama getini, na dereva akateremsha maboksi ya samaki kutoka kwenye kabini, ameyafunga mkanda kama abiria. Mbasa walikuwa wabichi kabisa, ila maboksi meusi tititi kwa vumbi la makaa, na dereva naye kabaki macho tu. Tukasafisha, tukatia ndimu na chumvi.

Otmari alikuwa amewasha moto kabla sijarudi jikoni kutoka kwenye samaki. Vitunguu alivikaanga vizuri, rangi ya kahawa iliyokaangwa, na mchele wote wa shule ulikuwa umekwisha kuingia sufuriani. Akanifunulia akitabasamu, akanipa kijiko. Harufu ilinipiga kabla kijiko hakijafika mdomoni, na juu ya punje niliona mng'ao wa mafuta.

"Otmari. Umetia nini?"

"Supu, mama. Pilau ya Idi hiyo, ningetia maji ya bomba wageni wangesemaje?"

"Leo siku gani?"

Mwiko ukamtoka mkononi. Mkatoliki aliyepata kipaimara, mume wa mwenyekiti wa jumuiya, ametia supu ya ng'ombe kwenye chakula cha Ijumaa ya Kwaresima kwa kutaka tu kuwaheshimu Waislamu. Mkono ulikuwa umezoea, na mkono ukizoea haungoji kichwa.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "mifupa yenyewe haimo. Ni supu tu. Tukinyamaza, nani atajua?"

Sitawadanganya kwamba sikulifikiria. Wageni walikuwa njiani. Nikamwambia, "Mzee Issa alinionjea miaka yote ile. Ningejuaje kama angeninyamazia?" Nikajifunga kanga vizuri, nikaenda kumngoja Mwalimu atoke kwenye swala.

Alikuja na Mzee Issa, wote wamependeza, wananukia udi. Nikawaeleza bila kuzungusha. Otmari alisimama nyuma yangu, kichwa chini. Mwalimu Mwanaidi akafunua sufuria, akatazama pilau ile kwa muda. Ilikuwa nzuri, wanangu, punje moja moja.

"Hii tunaweza kula sisi," akasema taratibu, "na walokole, na wengine wasio na mwiko leo. Wakatoliki mkawapikia kingine."

"Ndiyo, Mwalimu, inawezekana."

"Halafu Mzee Ndunguru atakuta nini?"

Angekuta sufuria mbili, foleni mbili, watoto wamegawanywa kwa dini, mbele ya macho yake, siku ile ile tuliyomwita aone tofauti. Angekwenda kwenye bodi na kusema jiko la pili tumekwisha kulianzisha wenyewe.

Mwalimu akarudisha mfuniko. "Una unga?"

"Unga haujawahi kuniishia, Mwalimu. Huku ni Matiri."

"Songa ugali. Wote tutakula ugali na samaki."

Mzee Issa akamgeukia. "Ugali? Siku ya Idi?" Akatazama pilau, akanitazama mimi, akavuta pumzi. "Tangu nizaliwe Tunduru sijafanya hivyo." Kisha akavua kanzu yake nyeupe, akaitundika msumarini, akabaki na shuka na fulana. "Lete mwiko. Nyie wawili peke yenu hamtawahi."

Ugali wa watu wengi msiufanyie pupa hata kama wageni wako getini. Maji yachemke kwelikweli, uji ushike na kutokota, ndipo unga uingie kidogo kidogo, watu wawili wasonge wakielekea upande mmoja. Tulisonga mimi, Mzee Issa na Otmari, na Otmari alisonga kama anayelipa toba. Pilau tukaikausha moto mdogo, tukaifunika vizuri, makaa machache juu ya mfuniko. Baridi ya Matiri huilinda pilau kavu mpaka kesho yake.

Wageni wakaja. Katekista, majirani wenye mashamba ya kahawa, wake kwa waume, na wanafunzi wenye mikono ya hina. Mzee Ndunguru akaingia wa mwisho, koti la Jumapili, fimbo mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema, nadhani kwa makusudi.

"Milele amina, baba. Shikamoo," akajibu Mwalimu Mwanaidi. "Karibu kwenye Idi yetu."

Ikabidi aitikie marahaba. Akanawa, akakaa, akatazama sahani. Ugali na mbasa wa kukaanga, kachumbari pembeni. Akatazama sahani ya Mwalimu, kisha ya Mzee Issa, kisha ya watoto, moja baada ya nyingine. Zote sawa.

"Mwalimu," akasema, "mimi ni mzee, nimeshaona Idi za watu. Pilau iko wapi?"

Otmari akasimama. Sikumwambia asimame. "Iko jikoni, Mzee. Nilikosea mimi, nikatia supu ya ng'ombe, na leo ni Ijumaa. Mwalimu amekataa isiliwe."

"Na wao je? Wao hawana Ijumaa yetu."

"Ninyi ni wageni wangu," Mwalimu akasema. "Siwezi kula kitu ambacho mgeni wangu amekatazwa, yeye akanitazama."

Mzee Ndunguru alirudi kwenye sahani yake. Alikula mpaka akamaliza, akakwangua sahani, akanawa, akashukuru, akaondoka na fimbo yake. Sikuweza kumsoma. Jioni Mwalimu aliniuliza, "Unadhani tumepata au tumekosa?" nikamwambia sijui, nami nilikuwa sijui kweli. Niliogopa kwamba nitakabidhi jiko lililopasuliwa katikati, baada ya maisha yangu yote pale, na usingizi ulikuwa wa shida.

Jumamosi asubuhi tulikuwa tunapasha pilau, tumeichanganya na nyama na mifupa ya ng'ombe wa Mwalimu, aliyechinjwa na Mzee Issa Ijumaa jioni. Mnajua kiporo cha pilau kilivyo, kinanukia kuliko siku ya kwanza. Mzee Issa alikuja mapema kudai fidia yake. Wanafunzi walishapanga foleni, na foleni ilikuwa moja. Nikasikia fimbo inagonga mawe. Mzee Ndunguru huyo, na mkewe nyuma, na wajukuu zake wa pale shuleni amewatoa bwenini, nao wanamfuata. Alikuwa amebeba sahani yake ya bati kutoka nyumbani.

"Leo si Ijumaa," akasema.

Aliyeshika upawa alikuwa Mzee Issa. Wakatazamana.

"Ndunguru," Mzee Issa akasema, "nisikudanganye. Ng'ombe huyu nilimchinja mimi."

"Najua. Ulitegemea nani amchinje, mimi mwenye mikono inayotetemeka?" Akasogeza sahani mbele. "Jana umekula ugali kwenye Idi yako kwa sababu ya Ijumaa yangu, Issa. Nimekaa usiku na jambo hilo. Chota. Na mifupa usinibanie, naiona hapo chini."

Mzee Issa akachota. Alimjazia mpaka pilau ikamwagika pembeni, na wale wazee wawili wakakaa kwenye gogo la kuni wakala, wakinyonya mifupa kwa kelele. Mimi nilijifanya napuliza moto ili nisionekane nafuta macho. Mwalimu Mwanaidi alipopita akamsalimia Mzee Ndunguru, akamwuliza kwa heshima, "Na ile hoja yako, baba, tuiweke ya ngapi kwenye kikao?"

Mzee Ndunguru alikuwa na mfupa mdomoni. Akautoa taratibu, akamtazama mkuu wa shule kama mtu anayesumbuliwa mezani.

"Hoja gani?"

Nilistaafu mwisho wa mwaka ule. Nilimkabidhi Otmari funguo, miiko na sufuria zote, na jiko lilikuwa moja. Najivunia hilo, wanangu, na sitaona haya kulisema popote.